Kioo cha Valcrosa

Sisi tunaoendesha baiskeli Jumapili hatuna maneno mengi barabarani. Tuna matatu. Aliye mbele akiona shimo husema "Shimo," akiona gari husema "Gari," na akifika njia panda, akatazama kushoto na kulia asione kitu, husema "Wazi," nao walio nyuma yake hupita bila kupunguza mwendo. Mengine yote, ya siasa, ya wake, ya magoti yanayouma, husemwa tukiwa tunapanda mlima polepole, na mengi ni uongo.

Maneno hayo matatu nimeyasema kwa miaka thelathini na minne. Mimi ni Settimio Calzia, fundi wa kinu cha kukamulia zeituni hapa Porto Lavegna, na sina sifa ya kutaja ila kwamba nina macho mazuri. Ndiyo maana nilikuwa natangulia. Ottorino, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa klabu yetu, ana pumzi kuliko mimi lakini haoni mbali, tena mteremkoni hushuka kama mtu anayeshuka ngazi na trei ya glasi. Gaspare Ramoino ana miguu kutuzidi sote, ila hakupenda kutangulia. Alipenda kukaa nyuma ya gurudumu langu, karibu kiasi cha mkono mmoja, akinisikiliza. Ana matuta ya zeituni yasiyo na idadi huko juu, anayafikiria wiki nzima, kwa hiyo Jumapili, alisema, kazi ya kufikiri ananiachia mimi.

Njia yetu haijabadilika tangu tukiwa vijana. Tunafuata bahari hadi rasini, tunaingia bondeni, tunapanda Colle Ginestra kona zake ishirini na tatu, tunakunywa maji kwenye bomba lililojengewa mawe kileleni, kisha tunateremka upande wa pili kupitia Valcrosa hadi daraja la reli. Kutoka hapo ni tambarare mpaka kibao cha kuingilia mjini, na kwenye kibao watu wazima wenye wajukuu hugeuka wehu. Wa kwanza kufika hula bure, wa mwisho hununua mikate ya fokacha na kahawa za wote. Nimemwona Ottorino, ambaye wateja wake humwita daktari kwa heshima, akimvuta mtu jezi hapo.

Mambo yaliharibika Jumapili ya pili ya Oktoba, pale Valcrosa. Barabara yetu inaporomoka kutoka mlimani na kuingia barabara kubwa ya bonde. Kushoto kuna ukuta wa mawe na mtini, huoni kitu, kwa hiyo zamani sana waliweka kioo cha duara kwenye nguzo ng'ambo ya barabara. Ukitazama kioo unaiona barabara yote ya kushoto. Nimekitazama kioo kile mara nyingi kuliko nilivyomtazama mke wangu, na yeye alilisema hilo alipokuwa anaondoka.

Siku ile nilikuwa mbele, Gaspare nyuma yangu, na wengine walikuwa bado wako huko juu na Ottorino na trei yake. Mwaka mzima nilikuwa sijamshinda Gaspare kibaoni. Ukipunguza mwendo Valcrosa, kibao umeshakipoteza, na mimi nilikitaka. Nikatazama kioo. Kilikuwa cheupe. Nikasema "Wazi," nikapita.

Kilikuwa cheupe kwa sababu ya umande. Asubuhi za Oktoba vioo vyote vya bondeni hulala na umande hadi jua livuke mlima, na hakuna mwendesha baiskeli wa hapa asiyelijua hilo. Sikuona barabara tupu. Niliona kioo kisichoonyesha kitu, na mdomo ukasema neno lake kwa mazoea.

Mlio niliousikia nyuma yangu sitajaribu kuueleza. Lilikuwa gari dogo la mizigo, limebeba maboga, na dereva hakuwa na kosa lolote. Nilipogeuka, Gaspare alikuwa amelala chini ya mtini, na maboga mawili yalikuwa yanabingirika barabarani taratibu kuja upande wangu. Nakumbuka niliyatazama mpaka yaliposimama. Hapo ndipo nilipokufa ganzi, na sikujua kwamba ganzi ile ingekaa.

Askari walikuja, wakapima barabara. Waliniuliza nimeona nini. Nikasema nilikuwa mbele, sikuona. Kila neno lilikuwa la kweli. Walitafuta alama ya breki kwenye lami upande wa Gaspare, hawakupata hata moja, wakaandika kwamba mwendesha baiskeli aliingia barabara kubwa bila kupunguza mwendo na bila kutazama. Mmoja wao, kijana mpole, alitikisa kichwa akauliza mzee huyu alikuwa anawaza nini. Nilinyamaza.

Ilikuwa nyonga, paja mahali pawili, na mbavu nne. Gaspare alilala hospitali hadi karibu na Krismasi. Hakukumbuka kitu chochote tangu alipokunywa maji kwenye bomba la kileleni. Kila Alhamisi nilimpelekea mkate wa dengu, nimeufunga kwenye karatasi ungali moto, kwa sababu supu ya hospitali alisema ni maji yaliyooshewa sufuria ya supu. Nilikaa kwenye kiti, yeye akala, nikarudi nyumbani.

Ningependa kusema kwamba niliteseka. Sikuteseka. Nilikula, nililala, nilikaza nati za kinu. Fokacha ilikuwa haina ladha lakini niliimaliza. Jumapili niliendesha na wenzangu, ila sikusema tena hata moja kati ya maneno yale matatu. Nikifika njia panda nilisimama, nikatua mguu chini, nikawaacha wapite. Walidhani ni majonzi ya rafiki, wakaniheshimu. Ottorino alinipiga bega akasema marafiki kama mimi wamekwisha duniani. Nikamwambia asante.

Mnamo Januari, zeituni zilipokuwa zinaingia kinuni mchana kutwa, Delfina mke wa Gaspare alileta mzigo wao. Alikuja na kigari cha magurudumu matatu cha Gaspare, lakini aliyeendesha alikuwa mkwe wao. Nilishangaa kwa akili tu, moyo haukujali. Kigari kile Gaspare alikuwa hamruhusu mtu hata kukiegemea.

Tulisimama karibu na mizani, mashine zinanguruma, ikabidi anisogelee. Aliniambia Gaspare amempa mkwe funguo kwa mkono wake mwenyewe. Gaspare alisema hataendesha tena kitu chochote, na kuanzia mwaka ujao matuta yatakuwa ya mkwe pia. Alidai kichwa chake kinaharibika. Baba yake, mzee Bartolomeo, alianza hivyo hivyo alipokaribia miaka sabini: siku moja aliweka viatu kwenye jiko la mkate, na miaka mitatu baadaye alikuwa anamwita Delfina mama. Gaspare ana sitini na sita. Gaspare alisema mtu mwenye akili zake haingii barabara kubwa bila kugusa breki, kwa hiyo imeshaanza.

"Na wewe unamwambiaje, shemeji?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini? Namwambia ukweli. Namwambia wewe kichwa maji, wewe mbuzi mzee, ulikuwa unatazama nini? Ananikodolea macho tu." Alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na uchafu. "Zamani angenijibu, Settimio. Angenijibu mpaka nijute."

Nafasi ilikuwa pale, mbele yangu, pana. Nilifungua mdomo nikamwambia mafuta ya mwaka huu yatakuwa mazuri, zeituni zimeiva sawasawa. Akasema Mungu ni mwema, akaenda kukipanda kile kigari. Nikarudi kwenye mashine.

Gaspare mwenyewe alikuja kinuni mwezi wa sita, kwa miguu, mkongojo ameuning'iniza mkononi kama mwavuli siku ya jua. Alikuwa amekonda. Alisema daktari amemruhusu kupanda baiskeli, naye anataka kwenda mara moja.

"Mara moja tu, niiage," alisema. "Njia yetu yote, na kilele na kila kitu. Halafu naitundika. Lakini sitaki kundi. Ottorino atanitolea hotuba."

"Delfina amekubali?"

"Delfina amesema nikifa atanichapa. Sikiliza, mimi sitafikiri. Nitakaa nyuma ya gurudumu lako, wewe ndiye macho yangu, wewe ndiye kichwa changu. Bado unaona vizuri?"

"Naona."

"Basi, yamekwisha."

Tulikwenda Jumanne. Bahari ilikuwa imetulia, barabara haina watu. Kwenye Colle Ginestra alipanda taratibu, tukasimama mara mbili apumzishe nyonga, na njiani alinieleza mambo ambayo kichwa kimemwangusha. Jina la mbwa wa jirani. Mkasi wa kupogolea, ambao baadaye aliukuta umening'inia palepale alipouweka. Alinieleza bila kulalamika, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Kumbe orodha kweli alikuwa nayo. Kileleni, tulipokuwa tumekaa kwenye ukingo wa bomba, alitoa mfukoni kwenye jezi kidaftari kidogo kilicholowa jasho, akanipa. Alisema anaandika kila anachosahau, ili siku ikifika Delfina na binti yao wasibishane kama kichwa kimekwisha au bado, wafungue wasome. Nikafungua. Yalikuwa mambo kumi na moja, mwandiko wake ule mkubwa wa mtu wa shamba. Chumvi mara mbili kwenye supu. Sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu. Mbwa. Juu kabisa, la kwanza, aliandika: Valcrosa. Sikushika breki.

Nilimrudishia. Alinitazama, anangoja niseme ni uzee tu, sote tunasahau majina ya mbwa. Nikajaza chupa yangu, nikafunga kofia, tukaanza kuteremka.

Alikaa nyuma yangu kama zamani, mkono mmoja tu. Nilisikia gurudumu lake likilia tiki tiki tiki kila tulipoacha kukanyaga pedali. Alikuwa anapiga mluzi. Mtu anayeamini kwamba kichwa chake kinakufa alikuwa anapiga mluzi mteremkoni, kwa sababu alikuwa nyuma yangu. Tulipofika Valcrosa nilishika breki zote mbili, nikatua mguu chini ya mtini.

Naye akasimama. "Vipi, kuna gari?"

"Hakuna."

"Sasa si useme wazi, twende? Nyonga ikipoa haipashiki tena."

"Siku ile nilisema."

Hakuelewa. Jua lilikuwa limekipiga kioo sawasawa, unaona barabara yote hadi mbali, na nyumba moja na mbwa wake. Nikamweleza huku natazama kioo, si yeye. Kwamba nilikuwa nataka kibao. Kwamba kilikuwa na umande, cheupe kabisa, sikuona kitu, nikasema wazi nikapita. Kwamba askari waliponiuliza nilinyamaza, na Delfina aliponieleza habari ya funguo nilimjibu habari ya mafuta.

"Hukusahau kutazama, Gaspare. Uliambiwa pako wazi."

Akakitazama kioo naye. "Umande," alisema mwishowe. "Oktoba."

"Ndiyo."

"Mtoto wa darasa la kwanza wa bonde hili anajua kioo cha Oktoba."

"Najua."

"Miezi minane, Settimio. Nimekesha usiku nikijaribu kukumbuka jina la mwalimu wangu wa kwanza."

"Najua."

"Acha kusema unajua."

Alitoa kile kidaftari. Nilidhani atakichana. Akanisogelea, akakitia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi yangu, akaubana na kiganja mara mbili ili kisianguke. Halafu akageuza baiskeli. Hakupita Valcrosa. Alianza kuupanda tena mlima tulioteremka, na ile nyonga yake ya vyuma, kona baada ya kona, kuliko kwenda nami kilomita tisa zilizobaki. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya kona ya pili. Nilingoja kitu kije, aibu au afueni, chochote. Hakikuja, nikaenda nyumbani kuosha baiskeli.

Kesho yake asubuhi Delfina alikuwa mlangoni kwangu. Hakuingia, na mimi sikumkaribisha mara ya pili.

"Miezi minane nimemtukana mume wangu mezani kwake," alisema. "Kichwa maji, nimemwita, mbele ya mkwe, mbele ya binti yetu. Na kila Alhamisi wewe unaleta mkate. Mimi nakushukuru. Nakufungashia limau."

Aliondoka, na kwenye ngazi alishikilia ukuta kama mtu aliyezeeka njiani.

Wiki ile ile nilikiona kile kigari cha magurudumu matatu kikipita mbele ya kinu, Gaspare mwenyewe kwenye usukani, peke yake, anapiga honi kwenye kona kama zamani na kuwatukana wenye magari mapya. Hakunitazama. Nilisikia amemnyang'anya mkwe funguo na matuta yake yote, na mkwe, ambaye hakuwahi kupenda zeituni, amerudi kwenye kazi yake ya kupaka rangi boti huku akiimba. Nilijua ni jambo jema. Niliona ni jema kama unavyoona mvua inanyesha mji mwingine.

Mji ukajua, maana Delfina hununua dawa kwa Ottorino, na la Ottorino ni la wote. Hakuna aliyenifukuza klabuni. Ottorino hata aliniita pembeni dukani akaninong'oneza kwamba sote tumewahi kusema wazi bila kutazama vizuri. Alinong'ona hivyo kwa sababu palikuwa na wateja. Ila Jumapili tukiwa barabarani hakuna aliyekaa nyuma ya gurudumu langu. Walinipita au waliniachia nafasi ya mita kumi, na mimi nikawa naendesha katikati ya kundi peke yangu. Kidaftari kilikaa mezani jikoni. Sikukifungua, sikukiondoa, nilikula kando yake.

Jumapili ya mwisho ya Julai Gaspare alikuja kwenye mkusanyiko wetu mbele ya duka la dawa, amevaa jezi. Watu walimpigia makofi, Ottorino akatoa ile hotuba. Alisalimia mmoja mmoja. Mimi alinipita. Alipanda Colle Ginestra pamoja na wengine, akisema nao, akicheka, na mimi nikawa nyuma nikihesabu kona.

Kwenye bomba alijaza chupa yake, akaja akasimama mbele yangu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Juni.

"Twende. Leo natangulia mimi."

Ottorino alikuwa bado anavaa koti lake la mteremkoni, na hilo huchukua muda. Tukaondoka wawili. Nilikaa nyuma yake kiasi cha mkono mmoja, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kukaa mbali zaidi. Miaka yote ile sikuwahi kuwa pale. Huoni barabara. Unaona mgongo wa mtu, shati lililolowa, na gurudumu linalozunguka, basi. Hushuki mlima kwa macho yako. Nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi kama sehemu nyingine zote.

Tukaingia Valcrosa. Niliona kichwa chake kikigeuka kwenye kioo, kisha kulia, kisha kwenye kioo tena.

"Wazi," alisema, akapita.

Na mimi nikasikia injini. Iko kushoto, nyuma ya ukuta, karibu, inapanda. Sikuamua kitu. Vidole vilijifunga vyenyewe, gurudumu la nyuma likaburuzika, nikajikuta mguu chini, palepale chini ya mtini. Barabara ilikuwa tupu. Gaspare alikuwa amesimama ng'ambo, amegeuka, ananitazama.

"Nilisema wazi," alisema.

"Nimesikia. Nimesikia na injini."

"Hiyo ni mashine ya kukatia majani. Iko huko juu kwenye tuta."

Nikatazama juu ya ukuta. Kweli, mtu mmoja mwenye kofia ya majani makavu alikuwa anafyeka chini ya mizeituni, hana habari nasi. Niliomba radhi. Gaspare aliisikiliza ile mashine, kichwa amekiinamisha upande, mpaka yule mtu alipoizima.

"Gari la maboga lilikuwa linapanda," alisema, si kwa ukali. "Injini kuukuu, gia ya pili. Nimelifikiria sana tangu Juni. Mimi si kiziwi, Settimio. Lazima nililisikia. Nimelisikia gari, na nimekusikia wewe umesema wazi." Akapangusa midomo kwa mkono wa glovu. "Askari hawakupata alama hata moja ya breki."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama lami, mahali gurudumu langu lilipochora mstari mweusi, mrefu kama mtu aliyelala.

"Tangulia," alisema.

Nikavuka barabara, nikampita, nikashika njia ya daraja la reli. Nilimsikia akija nyuma, tiki tiki, kisha karibu zaidi, kisha pale pale pake pa miaka yote. Tulikwenda hivyo kilomita nne. Chini ya daraja barabara yetu inakutana na ile ya baharini, na magari ya Jumapili ni mengi, watu wanakwenda kuogelea. Nilipunguza. Nikatazama kushoto. Kulia. Kushoto tena. Kulia tena. Basi moja lilikuwa mbali, mbali kabisa, na hakukuwa na kingine. Neno lenyewe nilikuwa sijalitoa barabarani tangu Oktoba, likatoka limekwaruzika, si sauti yangu.

"Wazi."

Nikapita. Na nyuma yangu nikasikia breki zake. Hazikulia kwa nguvu. Mpira uligusa chuma, taratibu, zote mbili, na ile tiki tiki ikapungua karibu isimame. Nikageuza shingo. Gaspare alikuwa ananyoosha kichwa kutazama kushoto, kisha kulia, kwa macho yake mwenyewe. Aliporidhika ndipo akakanyaga.

Iliniuma. Ilinichoma hapa, chini ya mbavu, pumzi ikakatika, na nikaelewa kwamba tangu yale maboga yaliposimama hakuna kitu chochote kilichokuwa kimeniuma. Yote yakaja kwa pamoja: mtini, mkate wa kila Alhamisi, limau za Delfina, yule mwanamume anakesha usiku anatafuta jina la mwalimu wake. Alikuwa na haki ya kushika breki. Atazishika maisha yake yote akiwa nyuma yangu, na mimi nitazisikia.

Alinipita bila kunitazama, amesimama kwenye pedali, nyonga ya vyuma na kila kitu, anakimbilia kibao. Mimi niliegemea ukuta wa reli nikalia kwa sauti, mtu mzima, magari ya waogeleaji yakipita. Nilikuwa bado hapo Ottorino aliponifikia na wenzake. Alipunguza mwendo akaniuliza kama ni pancha, na mimi nikamwambia ndiyo.